Ukungu Kwenye Kioo cha Pijo

Pale Matisi, mbele ya duka la mbolea lililofungwa zamani, kuna benchi ndefu, na kando yake Mama Jeruto huwasha jiko lake kabla jua halijatoka vizuri. Kinachotuleta ni baridi ya Kitale, si utamu wa kahawa. Mimi nashona viatu hapo hapo, kwa hivyo nasikia yote hata nisipotaka. Wenye benchi ni watatu. Redio, ambaye mama yake alimwita Wabwile, haishiwi maneno. Breki, yaani Cheruiyot, aliendesha trakta ya shamba miaka mingi, na hata akitembea kwa miguu hupunguza mwendo penye shimo. Khaemba tulimwita Lami, kwa sababu aliendesha lori la ushirika kwenye barabara za udongo kana kwamba ni lami tupu, na hakuwahi kugonga hata kuku. Alhamisi moja ya mwaka wa tisini na moja, Lami alisimamisha gari lake, Pijo, kando ya benchi, akashuka na kuanza kupangusa kioo cha mbele. Alipangusa mpaka Mama Jeruto akamwambia kahawa inapoa.

— Imerudi, akasema Lami.

— Nini imerudi? nikamuuliza.

— Ukungu. Pale pale fundi aliziba.

Habari ya kioo hicho tuliijua sote. Lami alikuwa akipita njia ya Bokoli nyuma ya lori la miwa, jiwe likaruka likapiga kioo usawa wa macho yake. Likaacha kidonda kidogo chenye ufa kama mguu wa kuku. Kioo kipya kingetoka Nairobi, na kungoja kungekuwa kurefu. Akaenda kwa fundi mmoja wa Bungoma, naye fundi akakisafisha kidonda kwa spiriti, akasukuma ndani gundi nyembamba kama maji, akaiacha ikauke juani. Ufa ukasimama. Kilibaki kialama tu, na fundi alimwambia mapema kwamba hakitatoka.

— Hiyo ni gundi, bana, akasema Redio. Gundi ikizeeka inakuwa nyeupe. Si hata binadamu ni hivyo?

— Gundi ya mwezi mmoja imezeeka lini? akauliza Breki.

— Inategemea imezaliwa wapi. Na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa akijenga ukuta kwenye kioo ataona barabara na nini?

Mama Jeruto akacheka hadi akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa.

— Mimi naona ni baridi, Breki akaendelea. Ukungu wa asubuhi uliingia kwa ule ufa kabla ya kuzibwa. Sasa umefungiwa ndani. Hauna mlango.

— Basi angeweka gari juani.

— Nimeweka juani, akasema Lami. Nimepaka sabuni. Nimesugua na jivu. Nimesugua na gazeti. Unapungua kidogo, halafu jioni taa za magari zikinijia, unapanuka kama maziwa kwa chai.

— Ati jioni? Redio akasimama. Basi nimejua! Hii kioo ni ya Ufaransa. Huko kwao jioni ni baridi kushinda hapa. Jua likishuka inakumbuka nyumbani, inatoa jasho.

— Kioo inakumbuka?

— Kwani ng'ombe ukiuza Bungoma hairudi Kitale yenyewe? Mkataa kwao ni mtumwa, Breki!

Lami hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

— Jana pale Kiminini, akasema, mtu wa baiskeli alitokea ndani ya huo ukungu. Sikumwona akija. Nilimwona tu akiwa karibu na boneti, amebeba mama na mtoto. Nilipinda usukani, tukaachana.

Redio akaketi tena.

— Na Jumamosi nampeleka Nakhungu, akasema.

Hilo pia tulilijua. Nakhungu ni bintiye wa mwisho, na harusi ilikuwa Bungoma. Tangu siku ya posa Lami alisema hakuna dereva mwingine atakayempeleka bintiye kanisani.

— Nipe mimi niendeshe, Breki akasema polepole.

— Wewe? Lami akamjibu. Tutafika harusi mtoto ameshazaa!

Tulicheka, lakini niliona Breki ameangalia chini.

Wakati huo alikuja mwanamke mwenye gunia la viazi, akalishusha karibu na jiko. Alisema anaitwa Chepkorir, anangoja gari la kwenda Webuye. Akaomba kahawa.

— Karibu sana, akasema Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mgeni anunulie wenyeji kahawa.

— Si hivyo methali inasema, Chepkorir akajibu, akaketi.

Akasikiliza. Redio alikuwa ameshafika kwenye radi: ati radi za Mlima Elgon huacha weupe ndani ya vioo vyote vya gari, ila wenye magari huficha. Breki akasema kama ni radi basi hata miwani ya padri ingekuwa nyeupe. Redio akasema miwani ya padri imebarikiwa. Chepkorir alimaliza kahawa yake, akafuta mdomo na leso.

— Samahani wazee. Huo ukungu, nani mwingine ameuona?

Redio akamwangalia Breki. Breki akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Mama Jeruto. Tangu kuanza kuzungumza juu ya kile kioo, hakuna mmoja wetu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dereva.

Redio ndiye alitangulia kuingia. Alikaa kidogo, akatoka, akaenda kusimama karibu na jiko. Nikaingia mimi. Kile kialama kilikuwepo, kidogo kama punje ya wimbi. Pande zake zote kioo kilikuwa safi. Niliona ng'ambo ya barabara mwanamke akianika mahindi, niliona hata kuku akimwibia. Nilitoka, na sikumtazama Lami usoni.

Breki aliingia wa mwisho. Alishika usukani kwa mikono miwili.

— Unaona nini? Lami akamuuliza.

Breki alitazama mbele, kisha pande zote. Angeweza kudanganya. Nadhani sisi wengine tungedanganya.

— Naona barabara, Lami, akasema. Naona yote.

Lami alisimama pale akiwa na kile kitambaa mkononi. Kisha akainua mkono, akafunika jicho la kushoto. Akaangalia njia muda mrefu. Akafunika la kulia, akaangalia tena.

— Ni jicho la kulia, akasema. Nilidhani ni kioo.

Gari la Webuye likaja, tukamsaidia Chepkorir kupakia viazi, akaondoka. Mama Jeruto alimtilia Lami kahawa nyingine bila kuulizwa. Lami aliinywa yote akiwa amesimama, halafu akaenda dirishani kwa Breki, ambaye bado alikuwa ndani ya Pijo kama mtu aliyesahaulika, akamwekea ufunguo mkononi.

— Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, akasema. Na uoshe huo mwendo wa trakta miguuni mwako.

Jicho lenyewe lilitibiwa baadaye, huko huko Bungoma. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akamfanyia upasuaji, na Lami akarudi kuona. Lakini mimi naikumbuka zaidi ile Jumamosi, kwa sababu nilikuwa ndani ya gari, nimebanwa nyuma na masufuria.

Breki alishika usukani. Lami alikaa kiti cha kati na Nakhungu, shela imejaa mapajani mwao wote wawili.

— Baba, si ulisema utaendesha mwenyewe? Nakhungu akauliza.

— Jicho langu linaumwa. Nitaenda kulitibu.

Nakhungu akamgeukia kumtazama.

— Tangu lini?

— Sijui. Nilikuwa napangusa kioo.

Binti alimshika mkono, hakuuachilia tena. Breki alipunguza mwendo kwenye kila shimo, na mashimo yalikuwa mengi. Kila mara nilingoja Lami aseme neno. Hakusema. Tulipokaribia Webuye, gari likiwa linatambaa nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, alisogea mbele na kumgusa Breki begani.

— Upande wa kulia uko wazi?

— Uko wazi.

— Basi mpite, ndugu yangu. Wanatungoja.