Mwalimu Gramu na Daraja la Wasichana Wanne

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi makanika na mama muuza maziwa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike. Wazee wamemwomba asome kwa upole. Atajitahidi, ila hatameza yote.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akahitimu ualimu wa ufundi 1979. Kuanzia Januari 1980 alifundisha uchoraji wa kiufundi katika shule ya wasichana, miaka thelathini na mitatu, kwenye karakana iliyovuja upande wa dirisha. Wanafunzi walimwita Mwalimu Gramu kwa sababu alipima kila kitu, hata chaki.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na fundi cherehani. Kabla ya kuketi aliinama chini ya meza kuu, akatia kipande cha boksi kwenye mguu uliokuwa unacheza. Bibi harusi akamuuliza mbele ya wakwe, "Wewe umekuja kuoa au kukagua meza?"

"Vyote," akajibu. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa tuje mwaka 2009, ambao kamati ya mashindano ya uhandisi ya shule za sekondari ingependa turuke. Wasichana wake wanne walijenga daraja la vijiti na gundi. Sheria ilisema lisizidi gramu 250. Shuleni lilikuwa na 243. Waamuzi wakalipima likiwa limeshafungwa ndoano yao wenyewe ya kuning'inizia mizigo, mizani ikasoma 261.

"Jamani, fungueni ndoano yenu mpime tena," marehemu alisema.

Mwamuzi mkuu, ambaye leo ndiye mwenyekiti wa kamati, akamjibu, "Mwalimu, nimeshasaini."

Basi, ikawa hivyo. Ili sahihi ya mkubwa isiaibike, kwenye daftari la matokeo waliandika kwamba timu ilidanganya, na mwalimu akafungiwa kushiriki mashindano maisha yake yote. Msichana mmoja alinyimwa nafasi ya chuo cha ufundi kwa sababu ya neno hilo. Leo anauza sabuni. Kila mwaka marehemu aliiandikia kamati barua moja, si ya kujitetea bali ya kuwatetea wale watoto. Hakujibiwa hata kwa salamu. Watu wazima, wasomi, walishindwa kufungua ndoano.

Alistaafu 2013. Mei 2021 figo zilianza kumsumbua. Mwenyekiti alifika wodini mara moja, akiwa na mpiga picha. Marehemu aligeukia ukutani mpaka wakaondoka. Alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana mwenyekiti alileta shada, na habari kwamba kombe la mashindano litaitwa kwa jina la marehemu. Ameomba dakika tano azungumze hapa kaburini. Mjane amejibu, "Akafute kwanza." Daftari la matokeo liko ofisini kwake, na ufunguo anao yeye.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake huyu, na wanawake wanne waliobeba jeneza lake leo, ambao kwa kamati bado ni waongo.

Kaka, pumzika kwa amani. Mwenyekiti, wewe bado.