Ngoma Ambayo Haikuisha Otonglo

Pasta Walubengo, wazee wa ukoo, shemeji yangu Seline na watoto, ndugu wa Skauti, majirani mliovuka matope ya mvua hii ya El Nino mkiwa mmebeba viatu mkononi, mimi ni Perez, dada mdogo wa marehemu, mwalimu hapa Katito, na nimesimama kuwasomea maisha ya kaka yangu, Gordon Obiero Ogola. Najua wazee walitaka asome mwanamume, na mimi ningekaa kimya nikasikiliza, lakini marehemu mwenyewe aliacha neno kwamba asome Perez, tena asome yote bila kuruka kitu, na nyinyi mnamjua Gordon, hata akiwa amelala ndani ya sanduku hakuna mtu hapa anayethubutu kuvunja kanuni yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 hapa hapa Nyakach, mtoto wa tatu wa Mzee Ogola na Mama Benta, ambao wote wametangulia. Mimi nilizaliwa miaka sita baadaye, na ni yeye aliyenibeba mgongoni mama akienda shambani, akanifundisha kuhesabu kwa mawe ya mtoni, na nikikosea alinirudisha kwenye jiwe la kwanza, hata kama nilikuwa nimefika tisini na nane. Huyo ndiye Gordon, hakujua njia ya mkato.

Alianza masomo ya msingi hapa Katito mwaka 1952, akamaliza mwaka 1959, kisha akaendelea na shule ya upili mjini Kisumu hadi mwaka 1963. Ni katika darasa la sita, mwaka 1957, alipovishwa skafu ya Skauti kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo mama alilalamika kwamba amezaa askari asiye na bunduki, kwa sababu kijana alikuwa akiamka, anakunja blanketi pembe kwa pembe, anapiga saluti kwa jogoo, halafu ndiyo anaomba uji.

Mwezi Februari 1964 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika gati ya Kisumu, akafanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, pamoja na rafiki yake wa kufa kuzikana, Bwana Waliaula, ambaye yuko pale mbele amevaa koti la kijivu. Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa kanisani na Seline, na Mungu akawajalia watoto wanne, Jentrix aliyezaliwa mwaka 1970, mapacha Opiyo na Odongo wa mwaka 1973, na kitinda mimba wao wa mwaka 1979, aliyepewa jina la mama yetu, Benta. Seline, shemeji yangu, wewe uliolewa na skauti pamoja na skauti wenzake wote, maana kila Julai nyumba yako ilijaa vijiti vya bendera, kamba na masufuria ya watu, na sijawahi kukusikia ukinung'unika, au labda ulinung'unika jikoni, na hilo ni haki yako.

Sasa nifike kwenye kazi iliyowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 1980 marehemu alichaguliwa kuandaa mashindano ya gwaride la heshima na ngoma za jadi ya Skauti na Girl Guides wa shule za pande zetu hizi, kazi isiyo na mshahara, na aliifanya kama mtu anayelipwa dhahabu. Asubuhi ilikuwa ya bendera, saluti na ukaguzi wa sare, mchana ngoma. Alipima soksi kwa rula, vidole vinne chini ya goti, si vitatu, na bendera ilitakiwa ikunjwe hivi kwamba ikifika juu, kamba ivutwe mara moja tu ifunguke yenyewe. Mwaka 1984 bendera ya kikosi cha wanawe mwenyewe, Opiyo na Odongo, ilifika juu ikabaki imejikunja kama popo, watoto wakavuta wee, popo hakuamka, na baba yao akawakata alama kumi bila kupepesa jicho. Lakini mwaka 1985, watoto wa Ahero walipofika wamechelewa kwa sababu ya mafuriko, sare zimo ndani ya mabeseni kichwani, matope hadi kiunoni, yeye ndiye aliyewachotea maji ya kunawa miguu, akasimamisha kila kitu mpaka wavae, akawapa alama zote za usafi. Majaji wengine walipoguna, aliwaambia kwamba usafi ni kile unachofanya ukikuta maji.

Hapa ndipo ningependa kuruka, lakini nimekatazwa. Tarehe 16 Julai 1988, siku ya Jumamosi, mashindano yalifanyika kwenye uwanja pale Otonglo, na kikosi cha shule ya hapa Katito, watoto ishirini na wawili, kiliongozwa na mimi. Kanuni ya Gordon ilitaka kila kiongozi aandike jina la ngoma na maelezo yake mwezi mmoja kabla, na mimi niliandika maneno matano tu, ngoma ya jadi ya Nyakach, nikapeleka. Niliandika hivyo makusudi. Nilijua kabisa kwamba ningetaja jina lake angenikataza, kwa maana ngoma ile ilikuwa tero buru, na wageni wetu mnaotoka mbali niwaelezee kwamba huo ni mchezo wa matanga, wanaume hubeba mikuki na matawi, wakapuliza filimbi na kutimua ng'ombe mbio hadi mpakani, wakikifukuza kifo kitoke katika boma. Hauchezwi ovyo. Huchezewa mwanamume mwenye boma lake aliyekufa, na ukiuchezea mahali pasipo na msiba, wazee husema umekiita kifo kije kitafute mtu.

Kwa nini basi nilifanya hivyo, mimi mwalimu mzima? Kwa sababu ya Dorca. Dorca alikuwa guide wangu wa miaka kumi na mitatu, yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo na wenzake wanaitikia, na alikufa kwa malaria tarehe 23 Aprili mwaka ule ule. Kwa kuwa alikuwa msichana, tena mdogo, alizikwa haraka, bila ng'ombe, bila filimbi, bila mtu kumkimbilia hadi mpakani, na Jumatatu watoto wangu waliniuliza ikiwa kifo cha Dorca bado kiko pale kwao kimekaa. Wiki moja baadaye nikawakuta nyuma ya darasa wana vijiti na matawi, wanamtimua ng'ombe wa kuwaziwa, na badala ya kuwazuia nikawaambia wanyooshe mistari. Walifanya mazoezi kila Jumamosi kwa miezi miwili, na walipanga kwamba mwisho watakimbia kutoka lango la uwanja hadi ukingo wa mwisho, kule upande wa ziwa, na kifo cha Dorca watakiacha huko.

Siku ile walianza vizuri jamani, mwili ulinisisimka. Lakini watu wakaitambua. Mama mmoja akapiga yowe la kweli, lile la msiba, wengine wakanyakua watoto wao wakaanza kuondoka, mzee mmoja akatupa fimbo yake uwanjani, na watoto walipofika kwenye mstari wa katikati Gordon akapuliza filimbi, mlio mmoja mrefu, ambao kwa skauti maana yake ni simama hapo hapo ulipo. Nao wakasimama, maana nilikuwa nimewafundisha vyema, ishirini na wawili, matawi yakiwa juu, na machozi yakawatiririka bila kuinua mkono kuyapangusa. Kisha kaka yangu akachukua kipaza sauti akauliza mbele ya umati wote, "Nani amekufa hapa?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, na sikulitoa. Nilivimba kwa hasira kwamba amewaaibisha watoto, nikafikiri akitaka kujua aje aniulize mimi kwa adabu, nikawakusanya watoto nikaondoka nao, na katika matokeo tukawa wa mwisho. Gordon alikuja kwangu siku ya pili yake, nikamwambia kupitia mlangoni kwamba sina la kusema. Alirudi mara tatu. Baadaye tukawa watu wa kusalimiana kwenye mazishi na harusi, habari yako, nzuri, chai inapita kati yetu, na hivyo miaka tisa ikaenda. Hasira hasara, tunawafundisha watoto hivyo darasa la nne, na mwalimu mwenyewe alikuwa hajui somo. Aliniudhi kwa ile filimbi, hata leo sijasema ilikuwa sawa, lakini aliuliza swali la haki na mimi nilimnyima jibu.

Mwaka 1993 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari, mwaka 1995 akastaafu mapema, na kuanzia mwezi Juni mwaka huu figo zilianza kukataa kazi, akalazwa hospitalini Kisumu mara tatu. Tarehe 18 Oktoba Seline alinipigia simu pale posta ya Katito, akaniita nije, akasema hakuna siku nyingi. Nilikaa karibu na kitanda, nikamshika ule mkono uliokuwa ukipima soksi, ukiwa umebaki mifupa, na nikamwambia, Gordon, ni Dorca aliyekufa. Nikamsimulia yote, kuanzia ngoma ya nyuma ya darasa. Nikaona analia, kisha akamwambia Seline amletee ile faili yake ya kijani kutoka nyumbani.

Karatasi niliyoishika hapa ndiyo hiyo, karatasi ya alama ya kikosi cha Katito, tarehe 16 Julai 1988. Bendera, kumi na tisa kwa ishirini. Saluti, ishirini kwa ishirini. Sare, kumi na nane. Mbele ya ngoma hakuna kitu, si sifuri kama nilivyoamini miaka tisa, ni nafasi tupu, na chini yake ameandika kwa ule mwandiko wake wa karani, "Wamesimamishwa mstari wa katikati. Haikuisha, siwezi kuipa alama." Bwana Waliaula, aliyekuwa jaji mwenzake, ameniambia juzi kwamba walimsihi aweke namba yoyote ili hesabu ifungwe, akakataa, na ndiyo sababu jumla yetu ikawa ndogo kuliko zote. Pale kitandani aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba historia yake niisome mimi, yote. La pili, kwamba yeye ni mwanamume mwenye boma, kwa hivyo akifa ngoma ile itakuwa na mahali pake, na wale watoto waitwe waimalize, lakini wasianze upya, waanzie pale walipokuwa. Ai, kaka yangu! Maisha yake yote alikuwa akinirudisha kwenye jiwe la kwanza, na mara hii moja akaniruhusu niendelee.

Aliaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 1997, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Ameacha mjane mmoja, watoto wanne na wajukuu wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa Sista Nabwire, aliyekubali kupigiwa saluti kila asubuhi na mgonjwa na hakucheka hata siku moja. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa gati, majirani waliotusaidia kuweka changarawe ili gari la maiti lipite, akina mama wa kanisa walio jikoni tangu juzi, na Pasta Walubengo, ambaye amesema kanisa halichezi buru, lakini kwamba kwa dakika kumi zijazo yeye ataangalia upande wa ziwa akiomba. Namshukuru zaidi mama yake Dorca, aliyekuja kwa miguu na ambaye nilimwambia mambo haya yote jana, maana naye hakuwa anajua kwamba mtoto wake alichezewa ngoma.

Kikosi cha Katito, mlikuwa ishirini na wawili, leo nimewahesabu kumi na tisa, mmekuwa watu wazima, wengine mna watoto mgongoni, na skafu zenu zimepauka kama yangu. Ule uzi mweupe ambao Opiyo na Odongo wameutandaza mbele ya mlango wa baba yao ndio mstari wa katikati. Simameni hapo, matawi juu, na mkianza msisimame tena hadi mpakani. Filimbi yake iko mfukoni mwangu na haitatoka.

Pumzika kwa amani, Gordon, mwana wa mama yangu. Uliuliza nani amekufa hapa, na leo nakujibu mbele ya watu wote, nimechelewa lakini nimefika: ni Dorca, na ni wewe.