Mama Kache na Ubeti wa Ruhusa

Marehemu mama yetu, Kache Mramba, alizaliwa Rabai siku ya Jumapili, tarehe 9 Machi 1941, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ambayo bibi hakuisahau kwa sababu kengele ya kanisa ilikuwa ikipigwa na hakukuwa na mtu wa kutumwa kumwita mkunga, wote walikuwa njiani kwenda ibadani.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Rabai hadi darasa la nne, mwaka 1953, akaacha ili awalee wadogo zake, na ni katika miaka hiyo alipofundishwa na nyanyake kutunga nyimbo za msiba. Alifundishwa hivi: wimbo humwita marehemu kwa jina lake, humsimulia alivyokuwa, na mwisho huwa na ubeti wa ruhusa, ambamo waliobaki humwambia sasa nenda, nao wimbo huimbwa mpaka siku ya kuondoa tanga, kisha wimbo huo hauimbwi tena na mtu yeyote.

Alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Mramba, tarehe 17 Desemba 1966, wakahamia Magogoni, hapa Kisauni, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1989 alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi shuka katika hoteli moja ya ufuoni Bamburi. Walijaliwa watoto watatu, dada yangu Sidi, mimi Jumwa ninayewasomea, na mdogo wetu Nzai, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1976 na kufariki kwa malaria Jumatatu, tarehe 14 Mei 1984, akazikwa kwenye shamba la ukoo Kiembeni. Mama alimtungia wimbo, ukaimbwa kwa ukamilifu, tanga likaondolewa, wimbo ukaachwa.

Mwezi wa Julai 1988 walikuja watu waliokuwa wakitengeneza filamu kuhusu familia iliyohamishwa kupisha machimbo ya mawe, wakasikia habari za mama, wakaomba nyimbo zake tisa ziimbwe ndani ya filamu na waimbaji mbalimbali, bendi ya hoteli, kwaya na kikundi cha taarabu. Baba alicheka, akasema, "Hawa wametoka mbali kote huko kuja kuchukua kilio?" Mama alikubali kwa sharti moja, majina ya marehemu yaondolewe, mahali pa jina pawekwe "mwanangu" au "ndugu yangu", kwa kuwa wenye majina yale walikwisha kuagwa.

Aliziimba zote tisa katika darasa la shule ya jirani, shule zikiwa zimefungwa, huku zikirekodiwa ili waimbaji wajifunze kutoka kwake, na katika nane alibadilisha majina bila kukosea. Katika wa tisa ulimi wake mwenyewe ulimwita Nzai, hakutambua, wala hakuna mwingine aliyejua kwamba hilo lilikuwa jina la mtu. Tena ubeti wake wa mwisho ulikatwa, mkubwa wa wale wa filamu akimwambia, "Mama, picha inaisha kabla ya wimbo." Kanda ya nyimbo hizo ilipotoka Aprili 1990 ikapendwa kuliko filamu yenyewe, na uliopendwa zaidi ni ule wa tisa, ulioimbwa na dada Jael wa Changamwe, kwa hiyo kwa kinyozi, kwenye vibanda vya kaseti na kwenye arusi za watu, ndugu yetu akawa anaitwa, anaitwa, na hapana anayempa ruhusa.

Wengi wenu mliokaa na mama mnajua alivyokuwa, aliweza kuacha kukanda unga akaenda mlangoni, akasimama, akarudi, na siku moja alimwambia baba waziwazi, "Mwanao yuko nje, haingii wala haondoki." Mwaka 1991 alikwenda hadi Changamwe kumsihi Jael auache wimbo ule. Jael alimjibu kwa heshima, "Mama, huo ndio watu wanaulizia, nikiuacha watanirushia chupa," naye mama akamwambia, "Mwanangu, wewe waimba, mimi ndiye nisikiaye." Jael alilia, akauacha tangu siku hiyo, nasi tunamshukuru, na leo yuko nasi hapa, lakini kanda zilikuwa zimeshaenea na hazikuwa na wa kuzirudisha.

Mama alianza kuugua Novemba 1994, ikagundulika kuwa ni saratani ya ini, akalazwa mara tatu. Mara ya mwisho, Machi mwaka huu, aliniomba nijifunze ule ubeti wa ruhusa nikamwimbie Nzai kaburini, maana yeye hangeweza tena kufika, nami nilijifunza pale kitandani neno kwa neno, yeye akicheka kwa maumivu na kusema, "Jumwa, sauti hiyo ni ya kuuzia mkaa, lakini nduguyo atakufahamu." Alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 1996, saa tisa na dakika ishirini alasiri, ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Magogoni na Mishomoroni mliopika na kulala nasi, wenzake wa hoteli waliofua shuka alizolalia, na waimbaji wote wa ile kanda mliofika. Mama, umefanya kazi, sasa ulale.

Siku moja kabla ya kufariki mama alikuwa ameniuliza kama nimekwenda kaburini, nikamwambia bado, kwa hiyo Alhamisi asubuhi, saa moja kasorobo, nilikwenda Kiembeni peke yangu, nikasimama kaburini kwa Nzai, nikauimba wimbo tangu mwanzo kwa sauti hii mnayoisikia. Nilipofika kwenye ubeti wa ruhusa nilishindwa kumwambia aende, nikamwambia asubiri hadi Jumamosi, mama anakuja, waondoke pamoja.

Leo ni Jumamosi, naomba tusimame.