Maneno ya Chatu Katika Stoo Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Agnesi, mzaliwa wa Mgeta. Sijui hata nianzie wapi, maana mambo haya yalinichanganya, na bado yananichanganya.

Mimi na mume wangu Pius tulianza na duka dogo pale Msamvu. Tuliuza bei ya chini kuliko wenzetu, faida kidogo ikatutosha. Watu wakajaa! Likazaliwa la pili, yakawa masupamaketi, mpaka Gairo. Wenye mitaji mikubwa walifunga, sisi tukafungua. Kwa nini sisi? Sikuelewa.

Ndipo maneno yakaanza. Ati tunafuga chatu stoo, ndiye anayevuta wateja! Nilicheka. Lakini nilipompelekea mama yangu sukari kule mlimani, alinirudishia mkononi.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa rozari," akasema. "Siwezi kula kitu nisichojua kilikotoka."

Nilishuka kutoka Mgeta nalia. Shaka nayo ikaniingia. Mbona Pius haruhusu mtu kuingia stoo ya nyuma kule Gairo? Mbona ufunguo hauachi? Nikawa namtazama akila, najiuliza, huyu ni nani? Nilichanganyikiwa hata nikamwita mteja kwa jina la marehemu baba.

Siku moja nilitoka misani, moyo ukanisukuma. Nikaenda moja kwa moja Gairo, nikamkuta Pius dukani, nikamvuta hadi mlango wa stoo.

"Baba Agnesi, fungua hapa."

Akatoa ufunguo, akafungua. Ndugu zangu, hakukuwa na chatu! Kulikuwa na mkeka, msalaba na mshumaa nyuma ya magunia ya karanga.

"Hapa ndipo ninapokuombea," akasema. "Niliambiwa wewe ndiye uliyekwenda kwa mganga kumchukua huyo chatu."

Mungu wangu! Kumbe kila mmoja alimwogopa mwenzake! Tulipiga magoti pale pale, tukalia, tukaomba. Ile hofu ikanitoka, nikawa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Juzi padri alibariki duka letu jipya. Mama alishuka, akazunguka kila kona, akanunua sabuni. Sabuni tu! Sukari aliipita. Sijui nifurahi au nilie.

Ndugu yangu unayemtazama mwenzako kwa shaka, usimsikilize jirani. Mwite Yesu, kisha kamuulize mwenzako mwenyewe. Mimi mengi bado siyaelewi, lakini leo nakula na mume wangu bila kuogopa. Asante Yesu!