Pezi la Fateixa

Kwenye feri ya kwenda Tróia, pwani ya Ureno, mjane aliyeketi mbele yangu alimgeukia nahodha wa boti ya watalii, abiria mwenzetu. "Mwanangu, leo nitamwona Fateixa? Yule pomboo mwenye pezi lililokatika. Marehemu mume wangu ndiye aliyempa jina."

"Hajaonekana tangu Januari, mama. Amekufa."

"Mbona jana nilikusikia kwenye kipaza sauti, 'Fateixa yule pale'?"

"Yule ni binti yake. Mlangoni mwa mto Sado pomboo wamebaki wachache mno. Wageni wanamtaka Fateixa, niwaonyeshe maji?" Maji, kwa kweli, yalikuwapo tele.

"Mume wangu alikuwa na pacha. Tulipomzika, sikumwita yule pacha kwa jina la marehemu."

Nahodha alivua kofia, akaivaa tena. Feri ikafunga gati. Watalii walikwisha kupanga foleni penye boti yake, wakimuulizia Fateixa.