Alama za Makaa Ukutani

Ndugu wa kilio, mimi ni Lucien, familia imenituma niwasomee maisha ya yaya wangu, kaka yangu mkubwa, Godefroid Banza, mnivumilie, tangu jana kichwa changu kimevurugika.

Alizaliwa Kabalo, baba akiwa mfanyakazi wa reli, tarehe 4 Mei 1961, ingawa kitambulisho kinasema 1963, tumefuata mwaka anaoutaja mama kwa sababu yeye ndiye alikuwepo. Alisoma kwa mapadri hukohuko, akapata diploma ya kilimo Kamina mwaka 1982, akaingia reli naye, hapa Lubumbashi, akafunga ndoa na Martine tarehe 20 Agosti 1988, Mungu akawapa Paulin na Daniella.

Tangu mwaka 2014, nyumbani kwake Hewa Bora, alizalisha miche ya ndizi kwa wakulima wasioweza kununua ile ya maabara, alichimbua shina la chini ya udongo, akalimenya, akalichovya nusu dakika katika maji yanayochemka, akalichanja msalaba juu, akalifukia katika sanduku la vumbi la mbao lililofunikwa plastiki, na shina moja likatoa miche thelathini.

Novemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua, akalazwa tarehe 9 Januari 2026, akatuacha tarehe 14, saa nne asubuhi.

Aliacha masanduku mawili, moja la miche mizima, jingine la mashina kutoka Kasenga aliyoyashuku kuwa na ule ugonjwa unaobana majani na kunyima mkungu, alama akaziandika kwa makaa ukutani, nyuma ya kila sanduku. Mimi niliyahamisha ili viti vipate nafasi, kisha kwa huzuni nikawagawia miche kumi na tisa ya kumkumbuka, na jana Martine akaniuliza zile "nzuri" na "ngoja" ukutani ni za sanduku lipi, nami sikumbuki lipi lilikaa wapi.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Hewa Bora, na wenzake wa reli. Yaya alizoea kusema, "Kama uko na doute, usimupatie muntu," yaani ukiwa na shaka usimpe mtu, kwa hiyo masanduku yote mawili tutayachoma, na ninyi rudisheni miche, msiipande, nimeandika waliochukua kumi na saba, wawili siwakumbuki kabisa, nawaomba mnyooshe mikono kabla hatujashusha jeneza.

Pumzika kwa amani, yaya, mimi bado.