Mama Kaoze Anashuka Bondeni: Miaka Thelathini na Moja ya Bi. Otilia Mwanakulya

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Otilia Mwanakulya anatimiza miaka sitini, na siku hiyo hiyo anaikabidhi Kampuni ya Mabasi ya Mwinuko filimbi yake, koti lake la kaki na mashine yake ya nauli. Ametumikia miaka thelathini na moja. Hakuna dereva, fundi wala meneja wetu aliyefika hapo, na yapo mabasi kadhaa aliyoyaona yakipelekwa kwa wauza vyuma chakavu yeye akiwa bado anadunda.

Uongozi umeniomba mimi, mpanga magari wa stendi ya Sumbawanga, niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu. Nimekubali upesi kabla kazi haijapewa mtu mwenye lugha ya kiofisi, maana Mama Kaoze, kama anavyoitwa barabara nzima, angeusoma na kuuliza ni nani aliyefariki.

Alizaliwa Kaoze, chini bondeni kwenye joto, na akapanda huku juu kwenye baridi yetu akiwa binti wa kutafuta kazi. Mwaka 1994 kampuni ilimwajiri kukata tiketi dirishani. Dirisha lilikuwa dogo na sauti yake kubwa. Haukupita muda mrefu, uongozi ukaona ni heri sauti hiyo ikafanye kazi barabarani, na hivyo akawa konda. Siku hizo konda mwanamke alikuwa kioja. Wapo wanaume wa stendi, baadhi yao ni wastaafu wenzake leo na watakuwepo ukumbini siku ya kumuaga, waliosema hatamaliza masika.

Masika yalikuja, basi la Namanyere likazama kwenye tope hadi ekseli. Bi. Otilia alivua viatu, akajifunga kanga juu ya koti, akawashusha abiria wote wenye nguvu wakasukume, na yeye akiwa wa kwanza kuweka bega. Abiria aliyegoma kusukuma hakunyang'anywa tiketi, la hasha, ila alifika Namanyere amesimama, kwa sababu siti yake ilikuwa imepewa mama mwenye gunia la ulezi na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo wale wanaume wa stendi walimpisha njia.

Ukali wake unajulikana. Adabu yake pia. Hakuwahi kumdai mzee nauli kabla ya kumwamkia, na konda kijana aliyenyoosha mkono kabla ya shikamoo alijuta kupangwa naye zamu moja. Mimi mwenyewe nilimwona akimrudisha mmoja wao mlangoni akaanze upya, abiria wakicheka na mzee mwenyewe akiomba yaishe.

Sasa niseme lile linalonifanya nijivune kila ninapomtaja mama huyu, nalo ni habari ya basi la Kaoze na mashine ya kugusa.

Miaka miwili iliyopita majambazi walilisimamisha basi la Kaoze kwenye mteremko wa kuingia bondeni, wakachukua mkoba wa nauli na kumjeruhi dereva mkono. Mkurugenzi wetu, Mzee Vitus, aliapa kwamba fedha taslimu haitashuka tena mlima ule ndani ya gari lake. Akaleta mfumo mpya. Kila abiria angepewa stika ndogo ya kubandika mgongoni mwa simu yake, hata kama ni kitochi, nayo ingeunganishwa na akaunti yake ya simu. Akipanda anagusisha simu kwenye mashine mlangoni, mashine inalia ti, taa ya kijani inawaka, nauli imekwenda. Mzee Vitus alitoa muda hadi mwisho wa Desemba. Watu wa Kaoze wakiupokea mfumo, basi litaendelea. Wakiukataa, basi litaishia Sumbawanga na litahamishiwa njia ya Mbeya.

Ofisini wengi waliona ni suala la hesabu za kampuni. Kwa Bi. Otilia, konda wa basi hilo, lilikuwa suala la mama yake mzazi. Bibi Albina anaishi Kaoze hadi leo, ni mtu mzima sana, na kila mwezi hupanda mjini kutibiwa macho. Gari lile lingekufa, angepanda mlima kwa pikipiki, na mzee wa umri ule huwezi kumfunga kwenye pikipiki kama gunia la mahindi. Wala hakuwa peke yake. Bonde zima linao akina Bibi Albina wake.

Basi mama akaanza kufundisha. Alifundisha stendi, alifundisha gulioni, alifundisha nje ya kanisa baada ya misa. Mgahawa wa Monika hapa stendi nao ulikuwa umefungiwa mashine kama ile, kwa hiyo aliwapeleka watu wakanunue chai na chapati kwa kugusa, ili wazoee. Tulicheka sana siku hizo, Mungu atusamehe. Timoth wa Pito aligusa, mashine ikalia, akapewa chai, akanywa, kisha akakaa kwa Monika hadi mchana akisubiri chenji. Mama mmoja wa kigango cha bondeni, siku ya Jumapili, alifika kwenye kapu la sadaka, akaligusisha simu kwa heshima zote, akarudi kukaa na moyo mweupe. Katekista alipomweleza, alijibu kwamba kama Mungu haoni mtandao basi nani anauona. Na Fabiani, mfugaji wa Kisukuma aliyeoa Kaoze, aliibandua stika kwenye simu akaibandika kwenye kichwa cha fimbo yake ya kuchungia, kwa maelezo kwamba simu hupotea lakini fimbo mtu hulala nayo. Akawa anapanda basi kwa kuinua fimbo. Mashine ikamkubali.

Watu walikuwa wamejua kugusa. Lakini cha ajabu, basi likaanza kushuka bondeni nusu tupu. Oktoba likawa robo. Maneno yakazuka ofisini kwamba watu wa bondeni wanaogopa vitu vipya, wengine wakaenda mbali zaidi na kutaja mambo ya kishirikina, upuuzi ule ambao sisi watu wa Sumbawanga tumeusikia hadi masikio yameota sugu. Bi. Otilia naye aliamini ni woga. Akaongeza mafunzo. Alifundisha hadi sauti ikamkauka, na mjue sauti ya mama huyu kukauka si jambo dogo.

Jibu lilijitokeza lenyewe siku ya gulio la Kaoze. Fabiani alikuja kupanda, na mbele yake alikuwapo mama mkwe wake, Mama Silvana, anayekwenda mjini kumwona binti yake mwingine aliyejifungua. Sote tunajua mkwe ni mkwe. Fabiani hawezi kusimama bega kwa bega na mama huyo mlangoni, hawezi kumsemesha hadharani, lakini kumwacha ajilipie nauli na yeye yupo, hiyo ni aibu ya kuhama kijiji. Zamani mambo haya yalikuwa mepesi. Mkwe mwanamume alikaa siti za nyuma, akampa konda noti na kumwonyesha mama mkwe kwa jicho, konda akaelewa, na mama mkwe akapata tiketi yake bila mtu kutaja jina la mtu.

Mashine ilikuwa imefungwa mlangoni, na ilikuwa imewekewa sharti kwamba kila stika igharamie abiria mmoja tu kwa safari. Mama Silvana hakuwa na salio. Fabiani akangoja apite, akainua fimbo, ti, kijani. Akainua mara ya pili kwa ajili ya mkwe. Mashine ikawaka nyekundu ikapiga kelele kama beberu aliyekanyagwa. Akajaribu tena, kelele tena. Basi zima likageuka, mama mkwe akafunika uso kwa kanga, akateremka na kikapu chake, akashika njia ya kurudi nyumbani. Fabiani naye akashuka, akaelekea upande wa pili, kichwa chini. Nyuma yao wakashuka wengine, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani.

Mwingine angepiga filimbi gari liondoke. Bi. Otilia alimwambia dereva azime injini, akawafuata wanawake waliokuwa wameshuka, akaketi nao kwenye magunia na kuwauliza kisa. Wakamweleza. Huyu alikuwa akilipiwa na mjomba wake, yule na mtoto wake wa ubatizo, yule na mkwe, yule naye alizoea kumlipia jirani mjane bila mjane kujua aliyemlipia ni nani. Karibu kila aliyepanda basi lile alikuwa amebeba nauli ya mtu mwingine. Ile mashine ya mlangoni ilikuwa inamlazimisha kila mtu asafiri kama mtu asiye na ndugu. Kwa hiyo waliamua kubaki nyumbani.

Alipanda mlima jioni ile akiwa amefura. Nilikuwepo alipoingia ofisini na kuuliza kama kuna mtu humu ndani aliyewahi kuwa na mkwe.  Raymond, kijana wetu wa mitambo, alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mashine ile haikuzaliwa na sharti hilo, liliwekwa ili mtu asikatwe nauli mara mbili kwa bahati mbaya. Linaweza kuondolewa. Akaongeza wazo lake mwenyewe: mashine ing'olewe mlangoni, iwe na betri, konda atembee nayo siti hadi siti, na kabla ya kugusa abiria aonyeshe kwa vidole analipia watu wangapi.

Mzee Vitus alisita. Alihofia malalamiko na muda ulikuwa unakwisha. Hapo ndipo Bi. Otilia alipofanya jambo ambalo wengi hamkulijua. Wakati huo alikuwa ameshaandaliwa nafasi kwenye basi la Mbeya, njia ya lami, mshahara bora, safari safi. Alimwambia Mkurugenzi kwamba nafasi hiyo haitaki. Kama Desemba ikifika na watu hawajarudi, njia ya Kaoze na kazi yake vife pamoja. Alikuwa amebakiza chini ya miaka miwili kustaafu, na aliiweka kazi yake yote mezani kwa ajili ya safari ya mama mkwe wa mtu. Mzee Vitus akamwambia Raymond alete bisibisi.

Safari ya kwanza ya mashine ya kutembea, Raymond alishuka naye bondeni kuangalia mitambo. Bi. Otilia alikuwa amepeleka habari mapema kwa Mama Silvana na kwa Fabiani, kila mmoja peke yake. Mama mkwe alipanda akakaa mbele. Mkwe alipanda mwisho akaenda nyuma kabisa. Konda wetu alianza na wazee, shikamoo moja baada ya nyingine, hadi akafika nyuma na kuishika mashine kwa mikono miwili. Fabiani akainua vidole viwili, akashusha fimbo. Ti, ti. Kijani, kijani. Bi. Otilia akarudi mbele, akamwekea Mama Silvana tiketi kwenye mapaja, akapita bila kumtaja mlipaji. Mama Silvana akapiga vikofi vidogo vya shukrani, kwa adabu ya kwetu, akitazama dirishani. Raymond ameniambia kwamba pale alilazimika kujifanya ana kazi na waya.

Habari bondeni haihitaji simu. Wiki iliyofuata siti zilijaa. Novemba ilipokwisha watu walikuwa wakigusa kwa vidole vitatu, vinne, na siku moja bwana harusi alionyesha mikono yote miwili na kuanza kuhesabu upya, akalipia ukoo mzima wa mkewe. Desemba ilipofika Mzee Vitus hakutoa tangazo. Alipeleka tu basi la Kaoze gereji likapakwe rangi, na sisi tunaomfahamu tulijua maana yake. Mkoba wa fedha haujashuka mlima ule tena, na hakuna aliyeshambuliwa tena. Leo mashine zote za kampuni, hadi za Namanyere, zinatembea mikononi mwa konda na zinapokea vidole.

Nasema haya kwa kujivuna na sioni haya. Wengi hupongezwa kwa kuleta kitu kipya. Mama huyu alikipokea kitu kipya kwa mikono miwili, akakifunza adabu za kwetu, na hakumwacha mtu stendi. Jamani, huyo ndiye mfanyakazi.

Mama, sisi wenzako wa stendi, gereji na ofisi tunakushukuru. Tunakushukuru kwa makaripio, ambayo mengi tuliyastahili, na kwa ulezi uliotuletea kila mavuno. Konda atakayepokea mashine yako ni Scola, uliyemfundisha mwenyewe, na anajua akikosea kumwamkia mzee utasikia huko huko uliko.

Wafanyakazi wenzangu wameniuliza mstaafu wetu atakaa wapi, kwa kuwa ana nyumba nzuri hapa mjini. Nyumba ameipangisha. Anarudi Kaoze kumtunza Bibi Albina, na kila mwezi watapanda pamoja kuja kwenye macho. Magodoro, sufuria na kuku wake saba vimeshafungwa tayari. Tarehe mosi Julai asubuhi, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, Mama Kaoze atapanda basi letu na kukaa. Gari la kumpeleka kwao lipo, na lipo kwa sababu yake.

Nenda salama, Mama. Uzee wako uwe mwepesi, shamba lako likubali, na macho ya Bibi Albina yaendelee kukuona.

Baltazari Kanyika
Mpanga magari, Stendi ya Sumbawanga